Mantiki ya Malimwengu Mbadala: Kiambishi -ngali-, Tamthilia za Televisheni na Utendi wa Mwindo wa Walikale

1. Utangulizi

Tarehe 6 Oktoba 1967 watazamaji wa televisheni nchini Marekani walionyeshwa sehemu ya mfululizo wa Star Trek iitwayo "Mirror, Mirror", iliyotungwa na Jerome Bixby. Katika sehemu hiyo maofisa wanne wa chombo cha angani, wakiwemo Nahodha Kirk na Luteni Uhura, wanajikuta ndani ya chombo kile kile, miongoni mwa wenzao wale wale, ila katika ulimwengu mwingine. Huko cheo hupatikana kwa kumwua mkubwa, na sayari isiyotii huangamizwa. Dhoruba ya angani iliuvuruga mtambo wa kuwasafirishia, nao wakabadilishana mahali na mapacha wao wa upande wa pili. Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kuikumbuka sehemu hiyo, kwani jina la Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, lilitokana na neno la Kiswahili uhuru.

Miaka 11 kabla ya hapo, mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga ambayo leo ni sehemu ya Walikale, manju Candi Rureke alitamba kwa muda wa siku 12 utendi wa shujaa Mwindo. Utambaji huo ulinakiliwa na mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck pamoja na wasaidizi wake, na mwaka 1969 ukachapishwa kwa Kinyanga na kwa tafsiri ya Kiingereza, Biebuyck akishirikiana na mwanaisimu Mnyanga, Kahombo Mateene. Mwindo naye huvuka. Hushuka kuzimu, hupandishwa mbinguni, kisha hurudi kijijini kwake akiwa mtu mwingine.

Kazi hizi mbili hazikujuana, wala makala haya hayadai kwamba moja ilitokana na nyingine. Madhumuni yake ni kueleza mantiki inayoziongoza hadithi za malimwengu mbadala, na kuonyesha kwamba mantiki hiyo imekwisha kuhifadhiwa katika sarufi ya Kiswahili, hasa katika kiambishi -ngali-. Dai kuu ni kwamba ulimwengu mbadala ni hesabu: anayebadilisha jambo moja lililopita hana budi kubeba matokeo yake yote, yale ayapendayo na yale asiyoyapenda. Mwishoni itaonekana kwa nini hesabu hiyo ina uzito wa pekee katika Masisi na Walikale, mahali ambapo mambo ambayo yangalikuwa hujadiliwa kila siku, na mara nyingine kwa silaha.

Neno malimwengu katika matumizi ya kawaida lina maana ya mambo ya dunia. Hapa linatumiwa kama wingi wa ulimwengu.

2. Sarufi ya jambo lisilokuwa

Kila hadithi ya ulimwengu mbadala ni sentensi ya masharti iliyorefushwa. Kiswahili sanifu kina viambishi viwili mashuhuri vya masharti ya namna hiyo. Kwa mujibu wa maelezo ya kawaida ya sarufi, -nge- hutumika kwa sharti ambalo halijatimia lakini mlango wake haujafungwa, na -ngali- hutumika kwa sharti ambalo wakati wake umekwisha kupita. Tulinganishe:

(a) Barabara ingetengenezwa, mihogo ingefika sokoni.
(b) Barabara ingalitengenezwa, mihogo ingalifika sokoni.

Msemaji wa (a) bado anaweza kuwaendea wakubwa na kudai barabara. Msemaji wa (b) anaitazama mihogo iliyooza. Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya kila siku tofauti hii hufifia, -nge- ikazibeba kazi zote mbili, na wako pia wasemao -ngeli-. Kiswahili cha Goma, Masisi na Walikale nacho kina sarufi yake isiyofuata kila agizo la vitabu. Hata hivyo tofauti ya maana haipotei kwa sababu maumbo yamekaribiana. Kila msemaji anajua kuitenganisha ndoto na majuto, na methali isemayo kwamba "ningalijua huja baadaye" inaeleweka hata kwa asiyetumia -ngali- katika maneno yake mwenyewe.

Jambo la pili la kuzingatiwa ni kwamba kiambishi hiki hurudiwa. Husemwa "ungalisema, ningalikuja". Haisemwi "ungalisema, nilikuja". Kishazi cha sharti na kishazi cha matokeo huvikwa alama moja. Sarufi, kwa hiyo, haimruhusu msemaji kuubadilisha wakati uliopita katika nusu ya kwanza ya sentensi, kisha akarudi katika hali halisi katika nusu ya pili kana kwamba hakuna kilichotokea. Katika makala haya tabia hii itaitwa upatanisho wa masharti.

Wanafalsafa wamelifikia jambo hili kwa njia nyingine. David Lewis, katika kitabu chake cha mwaka 1973 kuhusu sentensi za aina hii, alieleza kwamba ili kuipima sentensi ya -ngali- tunautazama ulimwengu ambao sharti lake lilitimia na ambao, kwa mengine yote, unakaribiana mno na ulimwengu wetu. Ikiwa huko matokeo yaliyotajwa yanapatikana, sentensi ni ya kweli. Neno la kushikwa hapa ni ukaribu. Haturuhusiwi kubuni ulimwengu wowote tuupendao. Tunabadilisha kile tu ambacho sharti linakidai, kisha tunayaacha mengine yafuate mkondo wake.

Tamthilia ya kisayansi huongeza hatua moja. Huingia ndani ya kishazi cha pili na kukaa humo. Kile ambacho kwetu ni -ngali- kwa wahusika wake huwa -na- na -li-. Wenyeji wa ulimwengu ule hawasemi "tungalikuwa watumwa". Husema "sisi ni watumwa". Mtazamaji ndiye pekee anayekumbuka kwamba anaishi ndani ya sharti.

3. Kanuni tatu za tamthilia

3.1 Njiapanda moja

Kanuni ya kwanza ni kwamba malimwengu mawili lazima yawe yaliachana mahali fulani panapoweza kutajwa. Riwaya ya Philip K. Dick ya mwaka 1962, The Man in the High Castle, iliyofanywa mfululizo wa televisheni kuanzia 2015 hadi 2019, inaeleza dunia ambamo Ujerumani na Japani zilishinda Vita vya Pili vya Dunia na kugawana Marekani. Njiapanda ya riwaya ni kuuawa kwa Rais Roosevelt, ambaye katika historia halisi alinusurika jaribio la kumwua mwaka 1933. Mtungaji hakubadilisha tabia ya mataifa yote kwa mara moja. Alibadilisha shabaha ya risasi, na mengine yakafuata.

Njiapanda ikiwa moja, msomaji anaweza kuukagua mnyororo wa sababu na matokeo. Zikiwa nyingi, hadithi huwa njozi, na njozi haithibitishi lolote.

3.2 Matokeo kamili

Kanuni ya pili ni upatanisho wa masharti wenyewe. Mfano bora unatokana na "Mirror, Mirror". Karibu na mwisho wa sehemu hiyo Kirk anamshawishi Spock wa upande wa pili kwamba dola la mabavu halina budi kuanguka, na kwamba mtu mmoja mwenye busara anaweza kuanza kuligeuza. Mtazamaji wa 1967 aliondoka na faraja. Mwaka 1994, katika mfululizo wa Deep Space Nine, sehemu iitwayo "Crossover" iliurudia ulimwengu ule baada ya vizazi kadhaa. Ilionekana kwamba Spock alifuata ushauri, akatawala, akaleta mageuzi na kupunguza silaha. Dola likawa dhaifu, likashindwa na muungano wa maadui zake, na wanadamu wakawa watumwa.

Sehemu hiyo haifundishi kwamba mageuzi ni mabaya. Inafundisha kwamba kishazi cha pili hakikomi pale msemaji anapopenda kikome. Kirk alikamilisha sentensi yake kwa neno moja la matumaini. Watungaji wa 1994 waliisoma hadi nukta.

Iko kasoro moja ya kimantiki ambayo karibu tamthilia zote za aina hii zinayo. Ikiwa historia mbili zimetofautiana kwa muda mrefu, wazazi wasingalikutana kwa mpango ule ule, na watu wale wale wasingalizaliwa. Hata hivyo Kirk, Spock na Uhura wapo pande zote mbili. Sababu ya kiuzalishaji ni dhahiri, kwani waigizaji na majukwaa ni yale yale na kinachobadilishwa ni mavazi. Lakini kasoro hii huleta faida ya kisanaa. Humwezesha mtazamaji kuuliza kuhusu mtu mmoja: je, wema wake ni wake, au ni wa mahali alipolelewa?

3.3 Mpaka wenye gharama

Kanuni ya tatu ni kwamba kuvuka si bure. Katika mfululizo wa Fringe, ulioonyeshwa kutoka 2008 hadi 2013, mwanasayansi Walter Bishop amefiwa na mwanawe. Mwaka 1985 anavuka na kuingia ulimwengu wa pili ili kumwokoa pacha wa mtoto huyo, ambaye naye anaugua. Hatimaye anabaki naye. Kitendo cha baba mwenye uchungu kinautoboa mpaka, na ulimwengu ulioibiwa mtoto unaanza kuraruka. Watu wa huko, ambao hawakumkosea Walter, ndio wanaolipa.

Katika "Inferno", sehemu saba za mfululizo wa Kiingereza wa Doctor Who zilizoonyeshwa mwaka 1970, kinachovuka ni maarifa. Mhusika mkuu anaingia Uingereza nyingine iliyo chini ya utawala wa mabavu, ambako mradi wa kuchimba hadi chini ya gamba la dunia uko mbele kidogo kuliko ule wa kwao. Anaushuhudia ulimwengu ule ukiteketea kwa moto utokao ardhini. Hawezi kuuokoa. Anachoweza ni kurudi na onyo na kuusimamisha uchimbaji wa kwao kabla haujafika hapo.

Yafaa kutaja kwamba sayansi ambayo tamthilia hizi huitegemea haikubaliani nazo katika jambo hili. Mwaka 1957 Hugh Everett wa Chuo Kikuu cha Princeton alitoa nadharia ya fizikia ambayo baadaye ilifasiriwa kuwa ulimwengu hutawika bila kukoma. Kwa kawaida ya nadharia hiyo matawi yakishaachana hayazungumzi tena, hakuna mlango. Tamthilia zinaweka mlango kwa sababu pasipo kuvuka hakuna kisa. Hapo zinaacha kumfuata mwanafizikia na kuifuata kawaida ya kale zaidi, ile ya shujaa anayekwenda ng'ambo na kurudi.

4. Mwindo na malimwengu ya Wanyanga

Kawaida hiyo ya kale inaonekana kwa ukamilifu katika utendi wa Rureke. Chifu Shemwindo wa kijiji cha Tubondo anawaamuru wake zake saba wasizae ila mabinti. Mke anayependwa anamzaa Mwindo, mtoto wa kiume anayezaliwa akiwa tayari anasema na kutembea, mkononi ana usinga wa kichifu. Shemwindo anajaribu kumwua kwa mkuki, kisha kwa kumzika, kisha kwa kumfungia ndani ya ngoma na kuitupa majini. Yote yanashindikana. Mwindo anasafiri chini ya maji hadi kwa shangazi yake Iyangura, mke wa nyoka wa maji Mukiti. Anarudi na jeshi la wajomba zake, na kwa msaada wa Nkuba, bwana wa radi, Tubondo inateketezwa. Shemwindo anatorokea kuzimu kupitia shina la mmea wa kikoka.

Neno kuzimu lenyewe linastahili kuangaliwa. Kiambishi ku- ni cha mahali, na mzizi wake ni ule ule wa mzimu. Kisarufi, basi, kuzimu ni mahali pa kwendea, kama kusini au kule. Hivyo ndivyo utendi unavyopachukulia. Mwindo anamfuata baba yake huko kwa miguu.

Kabla ya kushuka anamwachia Iyangura ncha ya kamba, na ncha nyingine anakwenda nayo. Kamba ikitikisika, shangazi atajua kwamba mtoto yu hai. Ikitulia, atajua kwamba amekufa. Kuzimu anakutana na Kahindo, binti wa Muisa bwana wa mahali hapo, mwenye mwili uliojaa vidonda. Kahindo anamwonya asikubali ukarimu wa Muisa, kiti wala pombe. Mwindo naye anamwosha vidonda vyake. Muisa anamtwisha kazi zisizowezekana, kama vile kuotesha na kuvuna shamba la migomba kwa siku moja. Shemwindo anazidi kukimbia, kutoka kwa Muisa hadi kwa Ntumba, na kutoka huko hadi kwa Sheburungu, ambaye Mwindo anacheza naye kamari mpaka anashinda na kukabidhiwa baba yake.

Linalofuata ndilo la kuzingatiwa zaidi. Mwindo hamwui Shemwindo. Anamrudisha Tubondo, anawafufua waliokufa, na mkutano unaitishwa. Shemwindo anasimama mbele ya watu na kukiri. Iyangura anamkaripia kaka yake hadharani. Mwindo anamsamehe, na uchifu unapita kwa mwana.

Hata hivyo utendi hauishii hapo. Mwindo anaua dude liitwalo Kirimu, bila kujali kwamba dude hilo lilifungamana kwa urafiki na Nkuba. Kwa kosa hilo Nkuba anamchukua mbinguni, ambako kwa mwaka mzima anapigwa na mvua, mawe ya barafu, baridi na jua, na kufundishwa kutomwua mnyama ovyo. Anaporudi anawatangazia watu sheria za kuishi pamoja. Shujaa aliyeanza kwa kujisifu anamaliza akiwa chifu anayejua kiasi.

Mwaka 1978 Biebuyck alichapisha matoleo mengine ya utendi wa Mwindo yanayotofautiana na lile la Rureke kwa matukio na hata kwa wahusika. Kwa hiyo Mwindo mwenyewe ana maisha zaidi ya moja katika vinywa vya mamanju mbalimbali. Hadhira ya Kinyanga haikuona haja ya kuuliza lipi ni la asili. Kila manju alichukua njia yake, akaifuata hadi mwisho.

5. Matawi na tabaka

Sasa yawezekana kulinganisha. Malimwengu ya televisheni hutawika: yalikuwa moja, yakaachana, na kila moja lina nakala ya kila mtu. Malimwengu ya Mwindo yamepangwa kwa tabaka: chini, juu ya ardhi, na mbinguni. Yapo wakati mmoja, hayakuachana kamwe, na mtu ni mmoja tu katika yote.

Tofauti hii huzaa maswali mawili tofauti. Swali la matawi ni: ungalikuwa nani? Swali la tabaka ni: unadaiwa nini? Mfululizo wa televisheni ungalimpata Shemwindo, pengine ungalituonyesha wawili, mmoja aliyemwua mwanawe na mwingine aliyempenda, nasi tungaliwapima. Utendi unaye mmoja. Hana pacha wa kumtwika kosa lake. Akikimbilia kuzimu, bado ni Shemwindo yule yule, na hana budi kurudi pale pale alipokosea.

Hata hivyo kanuni ya gharama ni moja pande zote. Walter alivuka kumtwaa mwana, Mwindo alivuka kumrudisha baba, na hakuna aliyevuka bila deni. Tofauti ni kwamba Mwindo aliacha kamba mkononi mwa mtu aliyebaki. Aliondoka akiwa bado amefungamana na kwao.

Katika eneo la Maziwa Makuu njia hizi mbili zimekwisha kukutana. Filamu ya Neptune Frost ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Saul Williams na Anisia Uzeyman na kupigwa nchini Rwanda, inamfuata mchimbaji wa koltani anayeukimbia mgodi baada ya kifo cha ndugu yake na kufika, kwa njia ya ndoto, katika kijiji kisicho cha dunia ya kawaida, kilichojengwa kwa mabaki ya kompyuta. Wahusika wake husema Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Filamu hiyo yafaa kutajwa hapa kwa sababu koltani huchimbwa Rubaya, Masisi, na madini ya bati huchimbwa Bisie, Walikale. Tantali itokanayo na koltani huingia katika vifaa vidogo vya kuhifadhia chaji ya umeme, na bati huingia katika kulehemu. Kioo kinachowaonyesha watazamaji malimwengu mbadala kimeunganishwa kwa madini ya namna hiyo. Mpaka upo, vitu huuvuka, na gharama huachwa upande mmoja.

6. Kiambishi -ngali- katika Masisi na Walikale

Katika maeneo haya mawili, sentensi za -ngali- hazitungwi na waandishi wa televisheni. Hutungwa na watu waliopoteza mashamba, ndugu na ng'ombe, na njiapanda zao hutajwa kwa miaka.

Wako wanaoanzia 1937. Kuanzia mwaka huo hadi 1955 utawala wa Kibelgiji uliwahamisha makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda na kuwaleta Kivu, hasa Masisi katika nchi ya Wahunde, kwa sababu za kazi za mashamba makubwa na za wingi wa watu Rwanda. Wako wanaoanzia mbali zaidi, wakikumbusha kwamba wasemaji wa Kinyarwanda walikuwepo sehemu za Kivu kabla ya mipaka ya kikoloni kuchorwa. Wengine hutaja sheria. Ile ya Januari 1972 iliwapa uraia waliotoka Ruanda-Urundi na kukaa Kivu tangu kabla ya 1950, na ile ya Juni 1981 ikaufuta msingi huo kwa kudai asili ya mwaka 1885. Wengine hutaja Machi 1993, mauaji yalipoanza katika soko la Ntoto, Walikale, yakaenea hadi Masisi. Wengine hutaja 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka mpaka, au vita vya 1996. Kwa vijana wa leo njiapanda iko karibu zaidi. Vita vilivyozuka upya mwishoni mwa 2021 viliwahamisha wengi wao, na mwaka 2025 mji wa Masisi mwezi Januari, na ule wa Walikale mwezi Machi, iliangukia mikononi mwa waasi wa M23, ambao waliondoka Walikale mwezi wa Aprili.

Hakuna mwaka kati ya hiyo usiokuwa na haki ya kutajwa. Tatizo la kimantiki huanza pale kila upande unapochagua njiapanda yake na kuifupisha nusu ya pili ya sentensi. Tuchukue mifano miwili inayoweza kusikika:

(c) Wahamiaji wasingaliletwa 1937, Masisi ingalikuwa na amani.
(d) Sheria ya 1981 isingalipitishwa, vita visingalitokea.

Kwa kanuni ya matokeo kamili, msemaji wa (c) hana budi kuubeba ulimwengu wote anaoutaja. Katika ulimwengu huo ndoa zilizofungwa kati ya familia za pande mbili hazipo, wala watoto wake. Masoko yale hayapo kwa sura ile, wala urafiki wa utotoni. Huenda msemaji mwenyewe hayupo. Wakati huo huo wakoloni bado wapo, na mahitaji yao ya ardhi na ya nguvukazi bado yapo. Hapana budi kuuliza wangaliyatimiza kwa nani. Msemaji wa (d) naye ana deni lake. Katika ulimwengu wake sheria ya ardhi ya mwaka 1973, iliyoifanya ardhi yote kuwa mali ya dola, bado ipo. Mashamba makubwa bado yako mikononi mwa wachache, na mamlaka ya machifu juu ya ardhi bado yanagombewa. Cheti cha uraia kisingaliyamaliza hayo yote.

Hii haina maana kwamba sentensi hizo ni za uongo, wala kwamba machungu yaliyomo ni ya kubuni. Maana yake ni kwamba hazijakamilika. Anayeikamilisha sentensi yake kwa uaminifu humkuta mwenzake ndani yake, kwa sababu ulimwengu ulio karibu kuliko yote na huu wa kwetu bado una watu wale wale kandokando ya shamba.

Hatari kubwa zaidi iko katika hatua inayofuata, pale -ngali- inapogeuzwa amri. Kutoka "wasingalikuja" msemaji huruka hadi "waondoke". Kutoka "tungalipewa" huruka hadi "tutwae". Sarufi haina daraja hilo. Kishazi cha -ngali- hukamilishwa kwa kishazi cha -ngali-, na kinachopatikana ni maarifa kuhusu lililopita. Amri huwahusu watu waliopo, katika ulimwengu uliopo, nayo inahitaji hoja yake yenyewe. Walter Bishop alifanya kosa la namna hiyo. Kwa sababu mwanawe angalipona, alimchukua mtoto wa watu.

Kwa upande mwingine, ni kosa pia kuwanyamazisha watu wasiseme -ngali-. Daktari wa "Inferno" aliuona ulimwengu mwingine ukiungua, akarudi na onyo lililouokoa wa kwake. Kulifikiria jambo ambalo lingalikuwa ndiyo njia ya kuzitambua sababu, na asiyezitambua sababu huyarudia makosa. Kilichoangamia kwa -ngali- chaweza kuwa fundisho la -nge-: barabara ingetengenezwa, sheria ingetumika kwa wote, mkutano ungeitishwa.

7. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba hadithi za malimwengu mbadala, za televisheni na za manju, zina nidhamu inayoweza kufundishwa. Tamthilia za kisayansi zinatupa kanuni tatu: njiapanda iwe moja, matokeo yawe kamili, na mpaka uwe na gharama. Utendi wa Mwindo unaongeza ya nne, kwamba mtu ni mmoja katika malimwengu yote, na kwamba safari ya ng'ambo haijaisha mpaka aliyekosa arudishwe, asikilizwe mbele ya watu, na kijiji kipate sheria za kuishi.

Kwa walimu wa Kiswahili, hapa pana zoezi lenye manufaa kuliko sentensi za kawaida za vitabu vya sarufi. Mwanafunzi apewe njiapanda moja ya historia ya kwao, aandike kishazi cha kwanza kwa -ngali-, kisha aendelee na kishazi cha pili kwa kurasa tano bila kukiacha kiambishi hicho. Aandike yaliyo mazuri na yaliyo mabaya. Amweke jirani yake ndani, na ajiweke mwenyewe. Mwishoni aandike sentensi moja tu kwa -nge-, inayohusu kesho.

Mwanafunzi atakayefika mwisho wa zoezi hilo atakuwa amejifunza zaidi ya viambishi viwili. Atakuwa amekwenda mbali na kurudi, kama Mwindo aliyekwenda kuzimu huku ncha ya kamba ikiwa mkononi mwa Iyangura.